Hakwenda Peke Yake: Rebecca Boone na Ukoo Ulioihamia Kentucky

Kila nisomapo habari za Daniel Boone, yule mwindaji wa karne ya 18 ambaye Wamarekani wamemfanya kielelezo cha safari zote za kuelekea magharibi, hukwama kwenye vitenzi. Huandikwa kwamba alikwenda Kentucky, alifungua njia, alijenga ngome, alihama tena. Ugomvi wangu ni na kile kiambishi cha umoja. Aliyeihamia Kentucky hakuwa mtu mmoja mwenye bunduki na mbwa. Ulikuwa ukoo, tena koo mbili zilizokwisha kusukwa pamoja kama ukili kwa ndoa za kaka na dada wa koo hizo, na kama yuko mtu ambaye ukimtoa ukili huo unafumuka, basi ni mke wa Daniel, Rebecca Bryan.

Rebecca alizaliwa mwaka 1739 huko Virginia, akiwa binti wa Joseph Bryan, na alikuwa bado mtoto wakati babu yake, Morgan Bryan, alipowahamishia wanawe na wajukuu wake kwenye bonde la mto Yadkin katika North Carolina. Familia ya Boone ilifika bondeni humo baadaye kidogo kutoka Pennsylvania, na haikuchukua muda kabla ya koo hizi mbili kuanza kuoana. William Bryan, ambaye alikuwa baba mdogo wa Rebecca, alimwoa Mary, dada yake Daniel. Tarehe 14 Agosti 1756 Daniel alimwoa Rebecca, yeye akiwa na miaka 21 na bibi harusi miaka 17, na aliyefungisha ndoa hiyo alikuwa baba mzazi wa bwana harusi, Squire Boone, aliyekuwa hakimu wa amani wa eneo hilo. Kisha Ned, mdogo wake Daniel, akamwoa Martha, ndugu yake Rebecca.

Vitabu vya Kiingereza huyapitia mahusiano haya haraka, pengine kwa sababu maneno yao ya undugu ni machache na msomaji huchoka kueleweshwa nani ni nani. Kwa Kiswahili jambo hili ni jepesi na linaeleza mengi. Mary alikuwa wifi yake Rebecca na papo hapo mke wa baba yake mdogo. Daniel na Ned walikuwa ndugu wa tumbo moja na wakati huohuo kila mmoja alikuwa mwanyumba wa mwenzake. Mtu aliyeishi katika familia ya namna hiyo anajua kwamba hakuna neno linalosemwa jikoni kwa shemeji lisifike barazani kwa mkwe kabla ya jua kuzama, na kwamba hakuna anayehama peke yake, kwa kuwa kila anayeondoka anawavuta nusu ya waliobaki.

Rebecca hakuanza unyumba wake na chumba kitupu. Kaka yake Daniel aliyeitwa Israel alikuwa amefariki, na wanawe wawili, Jesse na Jonathan, wakaja kulelewa katika nyumba ya maharusi hao. Mtoto wake mwenyewe wa kwanza, James, alizaliwa mwaka 1757, na baada yake wakafuata Israel, Susannah, Jemima, Levina, Rebecca, Daniel Morgan, Jesse, William na mwishowe Nathan, aliyezaliwa mwaka 1781 mama yake akiwa na umri wa miaka 42. Katikati ya uzazi huo wa watoto kumi, kaka yake Rebecca, James Bryan, alifiwa na mkewe, na watoto wake sita wakahamia kwa shangazi yao. Ukijumlisha utaona ni watoto 18 waliopita mikononi mwa mwanamke mmoja, na nyumba zenyewe zilikuwa vibanda vya magogo ambavyo kila baada ya miaka michache viliachwa na kujengwa vingine mahali pengine.

Naulizwa mara nyingine kwa nini najishughulisha na mambo ya jikoni wakati historia inazungumzia mapito ya milima na vita. Jibu ni hesabu tupu. Mwezi Mei 1769 Daniel aliondoka na wenzake kwenda kuwinda ng'ambo ya milima ya Appalachia, na hakurudi kukaa nyumbani hadi mwaka 1771, akiwa mikono mitupu kwa kuwa ngozi alizowinda zilikuwa zimenyang'anywa na wenyeji wenye nchi. Kwa karibu miaka miwili hiyo mahindi yalipandwa na kuvunwa, ng'ombe walikamuliwa, nguruwe walichinjwa na nyama ikakaushwa kwa chumvi, uzi ukasokotwa na nguo zikafumwa, na mwezi Desemba 1769 Daniel Morgan akazaliwa. Mwanamume anaweza kuitwa mvumbuzi kwa sababu yuko anayehakikisha kwamba akirudi atakuta nyumba, na mimi sioni sababu ya kuuita uvumbuzi upande mmoja tu wa mpango huo.

Simulizi za mdomo zilizokusanywa baadaye zina kisa kinachopendwa sana, kwamba baada ya safari mojawapo Daniel alirudi akamkuta mkewe na mtoto mchanga asiyeweza kuwa wake kwa hesabu ya miezi, na kwamba aliyehusika alikuwa ndugu yake mwenyewe. Wengine humtaja Jemima, aliyezaliwa mwaka 1762, kuwa ndiye mtoto huyo. Ushahidi wa kisa hiki ni uvumi wa majirani, na matoleo yake hayapatani. Kinachonishangaza ni jinsi kinavyotumiwa: husimuliwa ili kumsifu Daniel kwa ukarimu wake wa kusamehe, huku mwanamke aliyebaki bila habari ya mumewe kwa miezi mingi akipewa nafasi ya kuwa kosa lililosamehewa. Hata kama kingekuwa kweli, ningependa kwanza kuuliza nani aliyekuwa akiwalisha watoto.

Wanaomchora Rebecca kama mke anayefuata tu nyayo za mumewe wasome habari za mwaka 1765. Mwaka huo Daniel alikwenda na wenzake kuitazama Florida, ambayo Waingereza walikuwa wameipata punde kutoka kwa Wahispania, akarudi na shauku ya kuhamia Pensacola. Rebecca alikataa. Hakutaka kwenda mbali kiasi hicho na jamaa zake, na shauri likaishia hapo, kwani yule mtu ambaye milima haikumzuia alizuiwa na neno la mkewe. Nchi ambayo familia ilikubali kuihamia baadaye, Kentucky, ilikuwa nchi ambayo akina Bryan nao wangeweza kuifikia kwa njia ya nchi kavu na mifugo yao, na kweli ndugu wa Bryan walijenga makazi yao wenyewe huko, Bryan's Station, karibu na palipo Lexington leo.

Safari ya kwanza iliishia msibani. Septemba 1773 familia kadhaa zilifunga safari, na mnamo Oktoba 10 kundi dogo lililokuwa nyuma likileta mahitaji lilishambuliwa alfajiri na wapiganaji wa makabila ya wenyeji, waliokuwamo Washawnee, Wadelaware na Wacherokee. James, kifungua mimba wa Rebecca, aliyekuwa na miaka 16, aliuawa kwa mateso pamoja na kijana mwenzake Henry Russell na wengine, akiwemo mtumwa Mweusi aliyeitwa Charles. Rebecca hakufika pale mwanawe alipolala. Alitoa mashuka yake ya kitani, akampa shemeji yake Squire, ndugu yake Daniel, ili yakawe sanda. Najaribu kuwaza thamani ya mashuka yale. Kitani kilipandwa, kikavunwa, kikalowekwa, kikapondwa, kikasokotwa na kufumwa kwa mkono, na katika mizigo ya farasi iliyochaguliwa kwa kubana kila ratili, mashuka yalikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyosalia kutoka nyumba aliyokwisha kuiuza. Msafara ulirudi nyuma, na kwa kuwa hawakuwa na nyumba tena Yadkin, wakajisitiri katika kibanda cha kuazima kwenye bonde la Clinch.

Machi 1775 kampuni ya Richard Henderson ilijidai kuinunua Kentucky kutoka kwa baadhi ya wazee wa Wacherokee katika mkutano wa Sycamore Shoals, na Daniel akatumwa na wakata miti wapatao 30 kufungua njia kupitia pito la milima la Cumberland Gap. Mwaka huo Rebecca alijifungua William, akamzika akiwa mchanga, na mwezi Septemba akawasili kwenye ngome mpya ya Boonesborough, kwenye kingo za mto Kentucky. John Filson, aliyechapisha mwaka 1784 masimulizi ya maisha ya Boone kana kwamba ni Boone mwenyewe anayesema, aliandika kwamba mkewe na binti yake walikuwa wanawake Weupe wa kwanza kusimama kwenye kingo za mto ule, na sifa hiyo imerudiwa tangu hapo. Lakini Susannah, binti mkubwa wa Rebecca, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 15 na alikuwa ameolewa muda mfupi tu kabla na William Hays, alifuatana na wakata miti tangu Machi ili kuwapikia. Pamoja naye alikuwamo mwanamke Mweusi, mtumwa. Washawnee na Wacherokee, wake kwa waume, walikuwa wameyavuka maji hayo kwa vizazi. Kwa hiyo hilo neno "wa kwanza" linasimama kwa kuwasahau watu wengi sana, mmoja wao akiwa mtoto wake Rebecca mwenyewe.

Nataka niliseme hili waziwazi, maana neno letu "mlowezi" si neno lisilo na uzito, na msomaji wa Kenya hasa hulisikia likiwa na uchungu wa mashamba yaliyochukuliwa. Kentucky ilikuwa uwanja wa uwindaji. Mwaka 1768, huko Fort Stanwix, Wairokwoi, wenyeji wengine wa bara hilo, waliwakabidhi Waingereza madai ya nchi hiyo, na Washawnee walioitegemea hawakukubali kamwe mauzo yale. Kumheshimu Rebecca hakunilazimu kusema alikwenda nchi tupu. Vilevile, alipokuwa akiendesha nyumba ya wageni huko Limestone, orodha ya kodi ya mwaka 1787 ilimwandikia mumewe watumwa saba. Sehemu ya kazi ninayomsifia Rebecca ilifanywa na mikono yao, na akina mama wa watumwa hao hawakuwa na ukoo wa kuhama nao kwa hiari yao.

Kutekwa kwa Jemima mwezi Julai 1776, akiwa kwenye mtumbwi na mabinti wawili wa Richard Callaway, mlowezi mwenzao wa Boonesborough, kumesimuliwa mno, nami nitakupita upesi. Wasichana walivunja vijiti na kukanyaga udongo kwa visigino ili kuacha alama, na siku ya tatu wakakombolewa na kundi lililoongozwa na Daniel. Mwaka uliofuata Jemima akaolewa na Flanders Callaway, mtoto wa ndugu yake Richard, na hivyo familia nyingine ikaingia kwenye ukili.

Mwaka ninaouona kuwa kitovu cha maisha ya Rebecca ni 1778, na ndio mwaka ambao waandishi huushughulikia kidogo kuliko yote. Mwezi Februari Daniel alitekwa na Washawnee wa chifu Blackfish pamoja na wanaume waliokuwa wakichemsha maji ya chumvi kwenye chemchemi za Blue Licks. Alichukuliwa hadi kijiji chao cha Chillicothe, akafanywa mtoto katika nyumba ya Blackfish na kupewa jina la Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa, kwa desturi ya kumweka mtu aliye hai mahali pa aliyekufa. Rebecca hakujua lolote kati ya hayo. Miezi ilipita, na yeye, akiamini kwamba ni mjane, aliamua. Aliwapandisha watoto farasi, akavuka milima kurudi North Carolina kwa jamaa zake, akimwacha Jemima pekee, ambaye alikwisha kuwa na mume wake na hakutaka kukata tamaa juu ya baba yake. Daniel alipotoroka mwezi Juni na kukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa siku nne, alifika Boonesborough akakuta nyumba haina mke.

Wapo wanaolisoma tendo hilo kama udhaifu. Mimi nalisoma kama uamuzi wa mkuu wa kaya. Ngome ilikuwa na njaa na chumvi haba, wanawake wakisokota nyuzi kutokana na mimea mwitu na manyoya ya nyati wa huko kwa kukosa kitani na sufu, shambulio lilitarajiwa, na kweli lilikuja mwezi Septemba kwa kuzingirwa siku kadhaa. Mjane mwenye watoto wadogo katika mahali kama hapo hana sababu ya kukaa isipokuwa kukumbukwa vizuri.

Baada ya kuzingirwa huko Daniel alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwamba aliwasaliti wenzake, na hapa tena undugu ulikuwa na sehemu yake. Baadhi ya akina Bryan walikuwa wafuasi wa Mfalme wa Uingereza katika vita ya uhuru wa Marekani iliyokuwa ikiendelea. Samuel Bryan, ndugu wa baba yake Rebecca, aliongoza kikosi chao North Carolina. Mtu mwenye wakwe wa namna hiyo, aliyekaa miezi minne kama mtoto wa chifu aliyeshirikiana na Waingereza, hakukosa maadui wa kumnyooshea kidole, na mmoja wa waliomshtaki alikuwa Richard Callaway yuleyule ambaye ukoo wake ulikuwa umemwoa Jemima. Daniel aliachiliwa na kupandishwa cheo, kisha akaenda kumfuata mkewe. Ilimchukua karibu mwaka mzima kabla ya kurudi Kentucky naye, vuli ya 1779, safari hii wakiwa na msafara mkubwa wa akina Boone na akina Bryan.

Je, mwaka ule walizungumza nini? Katika masimulizi ya Filson, Boone anafika hapo na kusema tu kwamba habari za kwenda kwake nyumbani na kurudi na familia ni mlolongo wa matatizo ambao ungejaza kitabu kizima, na kwamba ataziacha kwa kuwa haziko katika kusudi lake. Naona hilo ndilo neno lenye maana kubwa kuliko yote katika maandishi yale. Kila risasi imesimuliwa, lakini shauri la mwaka mmoja kati ya mume, mke aliyekwisha kumlilia, na wakwe waliogawanyika kwa vita limewekwa kando kana kwamba si historia. Kwa maoni yangu msafara wa 1779 ulipangwa katika mazungumzo hayo. Daniel hakurudi na Rebecca, alirudi na sharti la Rebecca, kwamba kama ni kuhama basi jamaa wahame.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mazishi. Oktoba 1780 Ned aliuawa wakiwa mawindoni na Daniel, na Martha akawa mjane. William Bryan alikuwa amekufa mwaka huohuo kwa majeraha. Agosti 19, 1782, kwenye pigano la Blue Licks, Israel mwenye miaka 23 alianguka mbele ya macho ya baba yake, ambaye alilazimika kuuacha mwili na kurudi baada ya siku kadhaa kuuzika. Ni Daniel aliyelazimika kuubeba ujumbe huo nyumbani.

Hatimaye hata ardhi iliyogharimu watu hao haikubaki. Hati za Daniel zilipimwa vibaya na kuandikishwa kwa uzembe, kesi zikafuatana na madeni yakaongezeka. Wakatoka Limestone wakahamia bonde la Kanawha, na mwaka 1799 ukoo ukahama tena, kwenda Missouri iliyokuwa chini ya Uhispania, Daniel Morgan akiwa ametangulia, Jemima na Flanders wakiwamo, na Nathan akiwa na bibi harusi wa miaka 16, Olive. Ni kwa Nathan na mkaza mwana huyu, Olive, kwamba tunajua mengi ya ndani, kwa sababu mwaka 1851 mkusanyaji wa historia Lyman Draper alikwenda kuwahoji. Rebecca mwenyewe hatuna barua wala shajara yake. Olive aliishi katika kaya moja na mavyaa yake, akapika naye, na sioni aibu kusema kwamba kumbukumbu za mtu wa namna hiyo zina uzito kuliko hotuba kumi za wanasiasa wa Kentucky.

Akiwa huko Missouri Rebecca aliwapoteza pia Susannah, Levina na Rebecca mdogo, wote katika miaka michache, hivyo kati ya watoto wake kumi wakabaki wanne. Mwanzoni mwa Machi 1813 alikuwa kwa Jemima, wakichemsha utomvu wa mti wa maple kupata sukari, kazi ya kukesha kando ya masufuria, akiwa na umri wa miaka 74. Akaugua, na tarehe 18 akafariki. Hati ya Bunge la Marekani iliyomrudishia Daniel ardhi yake ya Missouri ilitoka mwaka uliofuata.

Alizikwa kwenye kilima kidogo karibu na palipo Marthasville leo, katika makaburi ya David Bryan, mtu wa ukoo wake. Daniel aliishi miaka saba zaidi kwa watoto wake na kutaka azikwe karibu naye, na alipofariki mwaka 1820 akazikwa hapo, katika ardhi ya akina Bryan, kwa wakwe. Mwaka 1845 wajumbe wa Kentucky walikuja kuichukua mifupa ya shujaa wao kwa ajili ya makaburi mapya ya Frankfort, na kwa kuwa mifupa yake ilikuwa ubavuni pa mkewe, wakamfukua na Rebecca, wakamhamisha mara moja zaidi. Watu wa Missouri wamedai tangu zamani kwamba kaburi lililofukuliwa halikuwa la Daniel, na mabishano hayo hayajaisha. Nani hasa alipakiwa kwenye gari pamoja na Rebecca, ndilo jambo linalogombaniwa.